Kengele za Stanton hazilii msiba, jamani

Wiki hii ni mara ya tatu. Mtu ananitumia klipu ya ule mnara wa kengele wa chuo cha Iowa State kule Marekani, halafu anaandika chini, sikia zinavyolia, si zilitengenezwa kumwomboleza marehemu. Na wa leo ni mwanakwaya mwenzangu, tena besi!

Ni mnara wa ukumbusho, sawa. Margaret MacDonald Stanton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa wanafunzi wa kike hapo, alifariki 1895, mumewe Edgar akanunua kengele 10 kwa Taylor, watengenezaji kengele wa Loughborough, Uingereza, 1899 zikapandishwa, 1929 zikaongezwa 26, leo ziko 50. Basi.

Ile huzuni sasa, hakuna aliyeiagiza. Kengele ukiigonga haitoi noti moja, inatoa rundo: kuna mvumo wa oktavu moja chini, kuna noti yenyewe, na juu yake kuna sauti ya tatu ya maina, ule mpando mdogo ambao watu huusikia kama huzuni, yaani ukishika la unasikia na do papo hapo. Hiyo maina imo kwenye umbo la kengele, iwe ya harusi au ya kuita watoto darasani, na fundi hawezi kuiondoa, anachofanya ni kuipindua kengele kwenye mashine na kukwangua shaba kwa ndani kidogo kidogo mpaka hizo sauti zipatane, na akizidisha hairudishiki. Mimi natyuni piano, nikikosea nalegeza waya, hao jamaa nawaonea huruma. Waholanzi miaka ya 1980 walibadilisha umbo kabisa ndiyo wakapata kengele ya meja, yaani ya mpando mkubwa, ule watu huusikia kama furaha, na kusema ukweli masikio yangu hayajaizoea.

Alafu nani kasema maina ni kilio? Simama Eastleigh, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, mtoto yuko barabarani anaita "Maaa-maaa!" akiangalia dirisha la ghorofa ya nne, anashuka so-mi. Hiyo ni maina hiyo hiyo, na mtoto anataka tu arushiwe shilingi ishirini.

Nikamwambia besi wetu aimbe do-mi-so, yaani meja, juu ya ile klipu, mi yake ikagongana na kengele hadi akakunja uso. Akakubali. Halafu akaniuliza, sasa mbona nywele za mkono zilinisimama kabla hata sijajua ni mnara wa marehemu?

Hapo sikuwa na jibu. Zangu pia zilisimama.