"Nesi, Ongeza Hewa!": Tunayoyasikia Kando ya Mtungi wa Oksijeni

Wiki iliyopita nimeisikia mara nne katika zamu moja, na mara ya nne sikujibu kwa upole: "Nesi, si uongeze hewa kidogo, unabania nini?" Kana kwamba kila lita inakatwa kwenye mshahara wangu. Yule kaka nilimwomba radhi baadaye, lakini maneno yake nayaleta hapa, maana hakuna yanayotutesa zaidi kitengo cha dharura.

"Hewa haina madhara, ikizidi ndiyo nafuu"

Oksijeni ya hospitali ni dawa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ina dozi, na inaandikwa kwenye faili kama sindano. Sijawahi kuona ndugu akimwongezea mgonjwa insulini kwa sababu daktari kaenda kunywa chai. Ila kitufe cha mtungi kila mtu anakigusa.

Kuna bibi mmoja aliletwa kutoka upande wa Kayenze, hapa Mwanza, miaka sitini na kitu, sigara hajawahi kuitia mdomoni. Lakini miaka zaidi ya thelathini amebanika samaki kwa kuni, uso ndani ya moshi, na moshi wa kuni haujali kwamba hukununua pakiti. Wodini ugonjwa huo wa njia za hewa kuziba taratibu tunauita COPD. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, kipimo cha kidole, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kinasoma 81. Tukampa dawa ya kutanua njia za hewa kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, tukamwekea mirija ya puani, lita 2 kwa dakika, akapanda hadi 90. Nikaandika kwenye faili: lengo 88 hadi 92. Nikahamia kitanda cha pili.

Niliporudi, mjukuu wake alinipokea kwa tabasamu. "Bibi sasa amepumzika, kalala vizuri. Nimemwongezea kidogo." Kigololi cha kwenye floumita, kile kipimo cha lita, kilikuwa kimepanda hadi 10. Kipimo cha kidole: 99. Ukiitazama namba hiyo peke yake unaweza kupiga makofi. Nikamshika bibi mkono, kiganja cha moto, mapigo yanaruka kwa nguvu. Nikamwita, "Mayu! Mayu!" Kimya. Nikamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, akafumbua jicho moja, akalifumba. Usingizi gani huo? Ilikuwa hewa ukaa, ile tunayoitoa tukihema, imempanda kichwani.

Wengi tulifundishwa chuoni kwamba mgonjwa wa namna hii akipewa oksijeni nyingi "anasahau kupumua". Hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Mapafu yaliyochakaa huwa yamejipanga: pale ambapo hewa haifiki vizuri, mishipa ya damu hujibana ili damu ielekezwe penye hewa. Mimina oksijeni bila kipimo, mishipa ile inalegea, damu inarudi kupita kwenye vyumba visivyo na upepo, na hewa ukaa iliyoibeba inazunguka nayo bila kutoka. Juu ya hapo, chembe nyekundu zikishashiba oksijeni zinatua sehemu ya hewa ukaa zilizokuwa zimeibeba. Mimi na wewe tungehema zaidi tukaitoa. Bibi hakuwa na pumzi ya akiba. Na kipimo cha kidole hakioni hewa ukaa hata kidogo, ndiyo maana kilisoma 99 huku mwenye kidole anazama.

Hatukuzima mtungi. Hilo nalo ni kosa ambalo vijana wetu wa mafunzo hulifanya kwa hofu: ukizima ghafla, oksijeni yake inaweza kuporomoka chini kuliko pale alipoanzia. Tulishusha hatua kwa hatua hadi akarudi kwenye 90, tukamketisha wima, dawa ya nebulaiza tukaiendesha kwa pampu ya hewa ya kawaida badala ya mtungi. Ilichukua kama saa moja hivi, kisha akauliza nani kachukua khanga yake. Mjukuu akalia. Sikumgombeza, alikuwa amejigombeza vya kutosha.

Wanaodhani hizi ni hadithi za nesi mkali, watazame Tasmania, Australia. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 405 waliobebwa na ambulensi wakiwa wanadhaniwa kuzidiwa na COPD. Kundi moja lilipewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi, jingine likapimiwa ili libaki kati ya 88 na 92. Kwenye kundi la kwanza walikufa kama 9 katika kila 100, la pili kama 4. Mitungi ileile, tofauti ilikuwa mkono uliozungusha kitufe.

Sasa asije mtu akanisoma vibaya. Mwenye COPD anayesoma 70 apewe oksijeni mara moja. Kuikosa kunaua haraka kuliko kuzidishiwa, na sitaki kusikia mwanafunzi wangu amesimama na mrija mkononi akisema anaogopa hewa ukaa. Mtu mzima asiye na shida hiyo tunamlenga 94 hadi 98, akifika tunashusha. Na wapo wanaostahili nyingi tangu mwanzo. Aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa usiku wa mvua, huyo ni maski yenye mfuko, lita 15, hata kama kidole kinasoma 98. Kipimo kile hakiwezi kutofautisha oksijeni na monoksidi ya kaboni, ile sumu ya jiko, kwake vyote ni damu nyekundu.

"Akishawekewa oksijeni, ndiyo basi"

Baba mmoja alimvua mkewe maski mbele yangu: "Huu mtungi ni wa wanaoondoka." Naelewa inakotoka. Miaka ya Korona watu waliona majirani wakiingizwa kwenye oksijeni na kutoka wamefunikwa shuka. Lakini aliyewekewa ndiye aliyekuwa hoi kuliko wote, na wengi walifika baada ya siku tatu za kujifukizia nyumbani. Ni kama kusema zimamoto ndiyo inayochoma nyumba kwa sababu kila nyumba inayoungua utaikuta hapo. Nimonia inapona, mtungi unaondolewa, mtu anapanda pantoni kurudi kwao Ukerewe. Wala hakuna "kuizoea". Mapafu yakipona, hayaidai.

"Anahema, kwa hiyo apewe oksijeni"

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine anahitaji kitu kingine kabisa. Mwenye kisukari ambaye damu yake imekuwa na asidi atahema kama aliyekimbia kutoka Igoma mpaka Nyegezi, na kidole kinasoma 98. Anahitaji maji ya mshipa na insulini. Aliyeishiwa damu kwa malaria kali naye anaweza kusoma 99. Kipimo kinakwambia daladala zimejaa, hakikwambii zimebaki tatu tu barabarani. Huyo tafuta damu. Hata moyo: Uswidi mwaka 2017 walitoa matokeo ya wagonjwa 6,629 waliodhaniwa kupata shambulio la moyo huku oksijeni yao ikiwa 90 au zaidi. Waliopewa oksijeni na waliovuta hewa ya chumbani, vifo vya mwaka mzima vililingana.

"Kidole hakidanganyi"

Kinadanganya. Rangi ya kucha, hina nyeusi, vidole baridi. Mvuvi aliyeopolewa ziwani alfajiri, pasha kwanza mkono wake ndipo uamini namba. Na kwa ngozi nyeusi kipimo huweza kusoma juu kuliko ukweli, watafiti wa Marekani waliandika hivyo 2020. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa ana hali mbaya, mimi namwamini mgonjwa.

Chupa ya mapovu, na kibatari

Ile chupa ya maji kwenye mtungi, mapovu yake si nguvu ya dawa. Ni ya kulainisha hewa isikaushe pua, na kwa lita chache mara nyingi hata haihitajiki. Msiijaze maji ya bomba wala ya ziwani. Humo vijidudu huzaliana na kupulizwa moja kwa moja kifuani.

Na umeme ukikatika, usiwashe kibatari wala mshumaa karibu na mgonjwa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya shuka, nywele na yale mafuta mazito mnayompaka mdomoni viwake kwa kasi ambayo hutaiwahi. Midomo ikikauka, omba mafuta yanayochanganyika na maji. Tochi ya simu inatosha, na mkisema hamna chaji, yangu ninayo mfukoni.