Kuzima Ulinzi wa Windows Hakuipi Kompyuta Kasi

"Fundi, nimezima kila kitu kisicho na kazi, lakini mashine bado nzito." Kauli hii naisikia kwa wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma, kwa makarani na kwa wenye steshenari, na nikiuliza kilichozimwa ni nini, jibu huwa lilelile: apdeti, kinga ya virusi na kile kidirisha kinachoomba ruhusa kabla programu haijagusa mfumo.

Dhana yenyewe ni kwamba mipangilio inayokuja na mfumo imewekewa wasiojua, na kwamba mjuzi huanza kwa kuizima. Historia inaonyesha kinyume. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa tayari na ngome (firewall) ya kuzuia mashambulizi ya mtandaoni, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kiliingia katika kompyuta zilizounganishwa na intaneti bila mwenye mashine kufungua faili lolote, ingawa sasisho (apdeti) la kuziba tundu la usalama kilimopitia lilikuwa limetolewa Julai. Mwaka 2004 Microsoft ilitoa Service Pack 2, furushi la masasisho ya XP, na ngome ikaanza kuwaka yenyewe, hivyo hata mtu ambaye hajawahi kufungua ukurasa wa mipangilio akawa amekingwa. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 nacho kilipita kwenye tundu ambalo sasisho lake lilitoka Machi. Walioathirika ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimelipokea.

Kuhusu uzito, naomba tuambiane ukweli. Nikifungua kompyuta mpakato iliyotumika hapa kiangazi kizima, mara nyingi nakuta vumbi limeshikana kwenye feni kama sufi, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Nyingine inatumia diski ya kuzunguka badala ya SSD, au ina programu kumi zinazojiwasha pamoja na mfumo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa kuzima kinga. Isitoshe, aliyemshauri mwanafunzi kuizima mara nyingi ni yule aliyempa programu iliyokrakiwa, na shabaha yake ilikuwa kinga isiizuie programu hiyo, si kasi.

Wapo wanaosema apdeti zinamaliza bando. Hilo ni kweli kwa anayetumia hotspot ya simu, lakini dawa yake si kuzizima: ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uwashe Metered connection, na Windows itaahirisha upakuaji mwingi hadi utakapopata mtandao wa ofisini au chuoni.

Wengine huizima Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, kwa sababu wamenunua kinga nyingine. Kazi ya bure. Ikisakinishwa kinga nyingine, Defender hukaa pembeni yenyewe.

Sidai kwamba kila mpangilio wa awali una busara. Upo mmoja ninaoubadilisha katika kila mashine inayopita mezani kwangu, nao ni ule unaoficha herufi za mwisho wa jina la faili, kama .docx au .exe. Kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilisafiri katika faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ambalo kwa wengi lilionekana kuwa maandishi ya kawaida kwa kuwa .vbs ilifichwa. Faili la barua.pdf.exe kwenye flashi iliyotoka steshenari huonekana barua.pdf kwa sababu hiyohiyo. Katika Windows 11, fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions.