Mapafu yamejaa hewa, altrasaundi huonaje maji yaliyomo?

Hewa ni adui wa altrasaundi. Ndiyo maana mtu hupakwa jeli kabla ya kupimwa: hewa kidogo tu ikibaki kati ya ngozi na kifaa, karibu sauti yote hurudi ilikotoka. Sasa mapafu yamejaa hewa. Watafiti wanaopima panya na nguruwe wa maabara wanajuaje kwamba maji yameingia humo?

Maji yenyewe hawayaoni. Wanasoma mwangwi wake. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, hunyolewa manyoya ya kifuani, kisha hupakwa jeli ya uvuguvugu, maana mnyama wa gramu 25 hupoa upesi. Kifaa kikigusa kifua, kwenye skrini hutokea mstari mweupe unaoteleza kila anapovuta pumzi. Huo ni utando wa pafu. Pafu likiwa zima, sauti hugonga hapo, hurudi kwenye kifaa, hugonga tena, na chini ya mstari ule hutokea nakala zake hafifu zilizopangana kwa nafasi sawa.

Maji yakianza kutuama kwenye kuta za vifuko vya hewa, picha hugeuka. Sauti hupenya palipo na maji, lakini kwa kuwa yamezungukwa na hewa, hunaswa humo, ikigonga huku na huku na kutoka kidogo kidogo. Mashine hudhani kila mwangwi uliochelewa umetoka mbali zaidi, hivyo huchora mchirizi mweupe wa wima kuanzia kwenye utando hadi chini kabisa ya skrini. Wataalamu huiita mistari B. Maji yakizidi, michirizi huongezeka, huungana, na pafu huonekana jeupe lote.

Mwaka 1997 daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa mahututi, kwamba michirizi hii ni dalili ya ugonjwa wa mapafu. Baadaye nguruwe walipodungwa asidi ya oleiki, inayojeruhi mapafu, michirizi ilijitokeza hata kabla oksijeni ya damu haijashuka.

Njia ya zamani ni kumuua mnyama, kuyatoa mapafu, kuyapima kwenye mizani, kuyakausha kwenye oveni na kuyapima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Ni kipimo cha kuaminika, ila kila mnyama hutoa jibu moja tu, na ukitaka kujua hali ya siku ya tatu na ya tano unahitaji wanyama wengine wa kuua. Kwa altrasaundi, panya yuleyule hupimwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na anaonekana anavyoumwa na anavyopona. Kwangu mimi, kuokoa uhai wa wanyama wale kuna uzito sawa na ubora wa picha.

Hata hivyo mizani na oveni bado zipo maabara. Michirizi hutokea pia pafu likiwa na makovu au uvimbe, na altrasaundi huonyesha zaidi sehemu iliyo karibu na kifua, kwa hiyo wanyama wachache hupimwa kwa njia ya zamani mwishoni mwa jaribio ili kuthibitisha.