Kutegwa na kubambikiwa ni kesi mbili

Ndugu wa mshtakiwa wakitoka kumwona kijana wao gereza la Butimba, Mwanza, huja ofisini na kauli moja: "Wakili, wamemtega." Swali langu la kwanza huwaudhi: mzigo wa dawa za kulevya ulikuwa wake au haukuwa wake?

Hapo ndipo kesi inapogawanyika. Aliyebambikiwa hakuwa na kitu, kete zimewekwa na askari. Aliyetegwa aliuza kweli, ila mnunuzi alikuwa askari kanzu. Kwa hiyo anayelalamikia mtego ameshakiri kuuza. Akisimama kizimbani aseme hakuuza, kisha aongeze kwamba alishawishiwa auze, anajimaliza mwenyewe.

Na hata akikiri, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina kifungu cha kumwachia mtu eti kwa sababu alitegwa. Marekani wanaukubali utetezi huo tangu kesi ya Sorrells, 1932. Uingereza waliukataa katika kesi ya Sang, lakini mwaka 2001, katika Looseley, mahakama yao ya juu ikasema jaji anaweza kusimamisha mashtaka iwapo polisi ndio waliouzalisha uhalifu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila wakili anaruhusiwa kuitumia kushawishi.

Rufaa zilizoamuliwa pamoja siku ile zilikuwa mbili, na utamu uko hapo. Looseley aliombwa heroini kwa simu na askari, akakubali bila kusukumwa. Akashindwa. Yule wa pili askari walimzoea kwa kumpa sigara za magendo za bei poa, wakawa wanamganda awatafutie heroini, ingawa alisema yeye si mtu wa heroini. Jaji alisimamisha kesi yake, na majaji wa mahakama ya juu wakasema alikuwa sahihi.

Tuje kwetu Mwanza, soko la Mwaloni, Kirumba. Askari kanzu anamfuata kijana anayejulikana kwa bangi, anauliza bei, anauziwa. Hapo sina hoja. Lakini mchuuzi wa dagaa anayepigiwa simu kila siku na mtoa taarifa wa polisi, akaahidiwa bei mara tatu, akatumiwa na nauli ya kwenda Tarime kuufuata mzigo? Huyo ametengenezwa.

Kusema kweli, mara nyingi naona nafuu zaidi kuhoji kielelezo, yaani dawa zenyewe zilizokamatwa, kuliko mtego: nani alikishika tangu kukamatwa, kilifungwaje, kilifika lini kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama uzito wa kwenye hati ya ukamataji ndio ulioko kwenye taarifa ya maabara.

Hoja ya mtego inahitaji ushahidi wa maongezi, na mtoa taarifa kwa kawaida haletwi mahakamani. Kwa hiyo jamani, msifute meseji wala msitupe laini. Simu ikiwa imezuiliwa polisi, tunaiomba mahakama iamuru kampuni ya simu ilete kumbukumbu: nani alianza kumpigia mwenzake, mara ngapi, na ile nauli ya Tarime ilitumwa kutoka namba ipi.