Viza ya kumfuata mume Uingereza: nyumba huhesabiwa kwa vyumba

Habari ya kipato kila mtu anaijua. Binti wa Shella au Maweni akija kwangu hapa Malindi kuandaa viza ya kumfuata mumewe Uingereza, ameshaambiwa na shangazi zake kwamba kwa kawaida mume atakiwa awe na pauni 29,000 kwa mwaka. Nikiuliza nyumba, najibiwa, "Ah, nyumba ipo." Sawa, ipo. Lakini ofisa wa viza hatabisha hodi, atasoma karatasi tu.

Sharti lenyewe si kali kama linavyosemwa mitaani. Si lazima mume awe na nyumba yake. Anaweza kupanga, akaishi kwa wazazi au kwa kaka, hata kwenye nyumba ya halmashauri, mradi nyinyi wawili mpate chumba chenu peke yenu, nyumba isivunje kanuni za afya, na isijae watu kupita sheria.

Hapo kwenye kujaa ndipo penye kazi. Uingereza hupima msongamano kwa Sheria ya Nyumba ya 1985. Chumba kimoja ni watu 2, viwili ni 3, vitatu ni 5, vinne ni 7 na nusu. Sebule nayo inahesabiwa kuwa chumba, jambo ambalo wengi hawalijui, bafu halimo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kumi ni nusu mtu.

Tuseme mumeo anaishi Leicester kwa kaka yake, vyumba viwili vya kulala na sebule. Kaka na mkewe ni 2, mtoto wao wa miaka saba ni nusu, kichanga cha miezi mitano ni sifuri. Ongeza mumeo na wewe: 4 na nusu. Vyumba vitatu vinabeba 5, mmepita. Sasa badilisha watoto wawe mvulana wa 12 na msichana wa 10. Mmefika 6, mmeanguka. Tena hao hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, maana wa jinsia tofauti waliofika miaka kumi, wasio mume na mke, hutenganishwa. Wageni wa kupita hawamo kwenye hesabu. Ndugu aliyeshuka kutoka Mambrui kwa wiki moja asikutie hofu.

Ukubwa pia unaangaliwa. Chumba cha futi za mraba 110 kwenda juu hubeba wawili, cha 70 hadi chini ya 90 hubeba mmoja, na kisichofika 50 hakihesabiwi kabisa. Vile vijichumba vya juu ya ngazi, vinavyoitwa vyumba kwa heshima tu, mwambie mumeo avipime kwa futi kamba.

Karatasi ninayoisoma polepole kuliko zote ni mkataba wa kupanga. Mara nyingi ndani yake kuna kipengele kinachotaja idadi ya wakaaji, na kama umeandikwa kwa jina la mume peke yake, kuhamia kwako kunaweza kuuvunja. Dawa yake ni barua ya mwenye nyumba: anwani kamili, idadi ya vyumba, majina na umri wa wanaoishi humo, na sentensi inayosema wazi kwamba anakubali mke ahamie, ukitajwa kwa jina. Iwe na tarehe na saini. Kama mwenye nyumba ni baba mkwe, naye aandike vivyo hivyo na aambatishe hati ya umiliki. "Baba hana neno" si ushahidi.

Ripoti ya mkaguzi wa nyumba si lazima. Inagharimu pesa, na mimi huipendekeza pale tu hesabu inapokaribia ukingoni. Picha tumeni chache, za vyumba. Televisheni mpya haina maksi.

Na walioolewa na raia wa Italia, maana Malindi hamkosekani: haya hayawahusu. Huko cheti cha manispaa cha kuthibitisha kwamba nyumba inafaa hudaiwa mgeni mwenye kibali anayemwita mkewe, kwa mfano Mkenya anayefanya kazi Milano, si raia.