Retina imerudi mahali pake, mbona sioni vizuri?

"Dokta, si ulisema upasuaji umefanikiwa?" Swali hili nalisikia sana kliniki, na anayeuliza ana haki yake. Upasuaji wa retina iliyobanduka una mafanikio ya aina mbili, na sisi madaktari huyachanganya tunapozungumza. Ya kwanza ni retina kurudi ukutani mwa jicho ikashika. Ya pili ni jicho kuona. Hayo ya kwanza, penye vifaa vizuri, hupatikana kwa wagonjwa 85 hadi 90 kati ya 100 katika upasuaji wa kwanza. Hayo ya pili, kwa sehemu kubwa, huwa yameshaamuliwa kabla mgonjwa hajapanda kitanda cha upasuaji.

Retina ni utando mwembamba unaopokea mwanga nyuma ya jicho. Seli zake zinazohisi mwanga hulishwa na mishipa ya damu iliyo ukutani. Utando ukichanika, ute uliogeuka maji ndani ya jicho hupenya kwenye tundu na kuuinua. Seli zikikaa mbali na ukuta hukosa oksijeni na chakula, zikaanza kufa. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotafuta ni makula: bado imeshika, au imeshabanduka? Makula ni lile eneo dogo la katikati tunalotumia kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Kama giza liko pembeni tu na bado unasoma ujumbe wa simu, huenda makula imeshika, na mgonjwa wa namna hiyo hapangiwi wiki ijayo. Tukimuwahi, ana nafasi nzuri ya kubaki na uoni aliokuja nao.

Makula ikishabanduka, kila siku ina bei yake. Tukiirudisha ndani ya siku tatu hivi matokeo huwa bora. Ikipita wiki yanazidi kushuka. Ikipita miezi, mara nyingi mtu hurudishiwa uoni wa kumwezesha kutembea bila kujigonga, si wa kusoma. Uoni unaweza kuendelea kupanda polepole hata mwaka mzima, lakini fremu ya mlango iliyonyooka inaweza kubaki inaonekana imepinda.

Na kwetu watu huchelewa, si kwa uzembe. Retina ikibanduka haiumi. Jicho haliwi jekundu wala halitoi tongo, na jirani akilitazama analiona zima. Mgonjwa ananunua matone duka la dawa, au anaambiwa ni mtoto wa jicho, asubiri. Wengine hugundua siku wanapoziba jicho zima kwa bahati tu. Baada ya hapo kuna safari ya rufaa, maana mabingwa wa retina Afrika Mashariki ni wachache na wamejazana miji mikubwa.

Ucheleweshaji huohuo ndio huzaa makovu, ambayo ndiyo sababu kuu ya retina kubanduka tena. Seli za chini ya retina hutoroka kupitia tundu, zikatua juu ya utando, zikafanya kovu linalovuta. Retina hukunjamana kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila kuwambwa. Hutokea hata baada ya upasuaji mzuri, kwa kawaida mwezi wa kwanza au wa pili, na hatari huongezeka kama tundu lilikuwa kubwa, kama kulikuwa na damu ndani ya jicho, au kama jicho limeshapasuliwa kabla. Wagonjwa hao nawaambia mapema kwamba huenda tukaingia tena.

Kuhusu mbinu, nadhani hupewa uzito kuliko inavyostahili. Kanuni ni ileile aliyoithibitisha Jules Gonin kule Lausanne, Uswisi, miaka ya 1920: ziba tundu. Kijana ambaye ute wake bado ni mzito humfaa mkanda wa silikoni unaoshonwa nje ya jicho. Mtu mzima aliyewekewa lenzi ya bandia mara nyingi humfaa vitrektomi, yaani kuutoa ute wenyewe. Mwenye selimundu namwogopea mkanda unaobana, kwa kuwa unaweza kukata damu ya sehemu ya mbele ya jicho. Tundu la chini nalo ni gumu zaidi, kwa sababu gesi tunayoweka ndani ya jicho ili kuibana retina ukutani huelea juu.

Gesi yenyewe ina masharti. Aina ya SF6 hukaa takriban wiki mbili, C3F8 hufika hata miezi miwili. Ukiambiwa ulale kifudifudi au ubavu fulani, gesi inaelekezwa kwenye tundu, si adhabu. Kupanda ndege ni marufuku, na hilo wengi wanalijua. Wasichokijua ni milima. Basi la Dar kwenda Njombe hupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 2,000. Huko juu hewa imepungua mgandamizo, na gesi hutaka kutanuka kwa takriban robo. Jicho halitanuki, basi presha yake hupanda na inaweza kuua mshipa wa fahamu. Kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana wakati mwingine humwekea mtu wa nyanda za juu mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki, ingawa lazima arudi kuyatolewa baada ya miezi kadhaa, na nauli hiyo ni yake.

Kama gesi bado imo na unahitaji upasuaji mwingine wowote wa kulazwa usingizi, mwambie mtoa usingizi: nitrasi oksidi, gesi inayotumika kulaza usingizi, huivimbisha haraka gesi iliyo jichoni.

Jicho la pili nalichunguza siku hiyohiyo mgonjwa anapokuja, hasa kwa wasioona mbali. Tundu likikutwa kabla utando haujainuka, hulizingira kwa leza kwa dakika chache, na mgonjwa hurudi kwake jioni ileile.