Busu tunalihamisha, panga tunaliacha

Wazazi na walezi wenzangu, leo tuongee kuhusu tivii ya sebuleni. Kwenye vikao vyetu na wazazi hapa Dar ukiuliza nani anachuja anachoangalia mtoto wake, mikono kibao inanyooshwa, ila ukichimba kidogo unakuta kinachochujwa ni mabusu tu. Wale wawili wakianza kusogeleana baba anakohoa, rimoti inatafutwa utadhani nyumba inaungua, lakini mtu akikatwa panga damu ikaruka hakuna anayekohoa, na mtoto wa miaka mitano yupo hapohapo kwenye mkeka anakula ubwabwa wake. Tena zile muvi za kutafsiriwa, DJ anavyochombeza mauaji yanakuwa vichekesho kabisa.

Mtoto anaiga jamani. Mwaka 1961 kule Stanford, Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima anapiga mdoli wa kujaza upepo, watoto walipoachwa nao wengi wakaupiga vilevile, hadi maneno yake wakayarudia. 1963 wakajaribu kwa filamu, yakawa yaleyale. Sisemi kila anayeangalia muvi za ngumi atakuwa kibaka wa panya road, tusitishane, na wapo wanaoupinga utafiti ule wakisema mdoli wenyewe umetengenezwa wa kupigwa.

Uingereza vituo vya kawaida havirushi mambo ya kikubwa kabla ya saa 3 usiku. Sawa, ila kwetu saa 3 ndo kwanza watoto wanakula, wengine baba bado yuko kwenye foleni Mbagala. Sisi tuna king'amuzi, maana Dar analojia ilizimwa 31 Desemba 2012, na ving'amuzi vingi vina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri. Shida namba yenyewe bado ni ileile ya kiwandani, 0000 au 1234, na mtoto anaijua kabla yako.

Hata ukifunga, kibanda umiza cha kuonyesha muvi kipo mtaa wa pili. Kwa hiyo kaa naye. Muulize yule aliyepigwa ataumwa wapi, mama yake atajisikiaje. Na likija la busu usikimbilie rimoti tu, mwambie hayo ni ya watu wazima, akiuliza mjibu kwa kifupi, ukinyamaza ataenda kuuliza kwa wenzake.

Namba ya siri kaibadilishe leo, ingia kwenye mipangilio, ukikwama piga huduma kwa wateja. Usimwite mtoto akusaidie.